Umeipata? Maneno yangu kwa wanafunzi na walimu wa vetenari

Habari za asubuhi walimu wangu, wenzangu wa kazi, na nyie wanafunzi ambao ndo nimewajia hasa. Nimeombwa niongee kuhusu VR, ile miwani inayokuweka ndani ya dunia ya kompyuta, na simulesheni, yaani mazoezi ya kuiga hali halisi, katika kufundisha udaktari wa mifugo na nitaongea hayo, ila naomba nianzie mbali kidogo, nianzie nyuma ya ng'ombe.

Siku yangu ya kwanza kupima mimba tulikuwa wanafunzi sita na ng'ombe mmoja. Nimevaa glovu ndefu ya kufika begani, nimepaka kilainishi, nimeingiza mkono, na hapo hapo nikajua kwamba picha zote nilizokariri kwenye kitabu hazipo. Kuna joto, kuna kinyesi, kuna kuta laini zinazosogea, na mkono umebanwa kiasi kwamba baada ya dakika chache vidole vinaanza kufa ganzi. Mwalimu amesimama pembeni yangu ananiuliza, "Umeipata?" Alikuwa anaulizia shingo ya kizazi, ambayo ndo alama ya kwanza unayoitafuta, ile kitu ngumu kama gegedu iliyolala kwenye sakafu ya nyonga. Nikamjibu, "Ndiyo mwalimu." Sikuwa nimeipata. Sikujua hata kama nilichoshika ni kizazi, kibofu au mavi. Lakini nyuma yangu kuna wenzangu wanasubiri, ng'ombe anahema, mwalimu amechoka, na hakuna mtu duniani anayeweza kuona mkono wangu unashika nini.

Alipofika mwanafunzi wa tano yule ng'ombe alikuwa amekunja mgongo, anasukuma kama anayezaa, na glovu ya mwenzetu ikatoka na damu. Mwalimu akasimamisha zoezi, wa sita hakupata zamu. Nimelibeba lile jambo miaka yote hii. Mnyama aliumia ile asubuhi na kwa kuumia kwake hakuna hata mmoja kati yetu aliyejifunza, maana baadaye bwenini tulipoulizana kila mtu alikiri alisema "ndiyo" bila kuipata.

Sasa hapo ndo kiini cha yote nitakayoyasema leo. Shida ya kufundisha kazi hii ni kwamba sehemu kubwa inafanyika gizani, kwa kugusa, na mwalimu hana namna ya kuingia ndani ya kidole cha mwanafunzi. Tangu Claude Bourgelat alipoanzisha shule ya kwanza ya vetenari pale Lyon, Ufaransa, mwaka 1761, wanafunzi wamekuwa wakijifunza kwa mnyama halisi, aliyekufa au aliye hai, na mwanafunzi akikosea anayelipa ni mnyama. Mi nasema kosa la kwanza, na la pili, na hata la kumi, lisimwangukie mnyama kama kuna njia nyingine. Na njia zipo.

Wenzetu wa urubani walishaliona hili zamani. Mwaka 1929 Edwin Link, kijana aliyekulia kwenye kiwanda cha familia cha kutengeneza vinanda, alichukua pampu na mivukuto ile ile inayopuliza hewa kwenye kinanda akatengeneza kibanda cha mbao kinachoinama na kugeuka kama ndege. Rubani anafunikiwa ndani anabaki na vipimo vya ndege mbele yake tu anajifunza kuruka bila kuona nje. Hakuna aliyemwambia rubani akajifunze kuanguka kwa kuanguka na abiria. Sisi kwetu imechukua muda mrefu zaidi, na nadhani sababu mojawapo ni kwamba ng'ombe hawezi kulalamika.

Miaka ya mwanzo ya 2000 kuna daktari wa mifugo Uingereza, Sarah Baillie, yeye mwenyewe alishafanya kazi na ng'ombe wa maziwa mashambani, akaingia kwenye utafiti Chuo Kikuu cha Glasgow akatengeneza kitu kinachoitwa Haptic Cow, yaani ng'ombe wa kugusa. Ukikiona kwa nje ni nusu ya nyuma ya ng'ombe wa faibaglasi. Ndani yake kuna mkono wa roboti mdogo, mwanafunzi anaingiza mkono wake, anachomeka kidole kwenye kitu kama kile kifuniko cha kidole cha fundi cherehani, na kompyuta inasukuma kile kidole kwa nguvu inayolingana na kile ambacho angekigusa. Akifika kwenye mfupa wa nyonga kidole kinagonga, akifika kwenye kizazi kinabonyea, akifika kwenye ovari anakuta kitu kidogo cha duara kinateleza. Hamna miwani, hamna picha ya ajabu mbele ya macho yake, haoni kitu kabisa, kama vile ambavyo asingeona kwa ng'ombe wa kweli. Anayeona ni mwalimu. Mwalimu anakaa mbele ya skrini anaona kizazi, anaona kibofu, anaona nukta ya kidole cha mwanafunzi inatangatanga, na anaweza kumwambia sogea kulia kidogo, hapo umeshika kibofu, shuka, rudi nyuma, ndo hiyo.

Mmeona kilichotokea hapo? Lile swali la "umeipata?" halina haja tena ya kuulizwa. Mwanafunzi hana sababu ya kudanganya na mwalimu hana sababu ya kubahatisha. Na matokeo ya majaribio yao yalichapishwa mwaka 2005, wanafunzi waliofanya mazoezi kwenye ile mashine walipopelekwa kwa ng'ombe halisi kwa mara ya kwanza walikipata kizazi mara nyingi zaidi kuliko wenzao waliofundishwa kwa njia ya kawaida tu. Mi nikisoma vile namkumbuka yule ng'ombe wetu na mgongo wake uliokunjwa.

Nataka mjue pia kwa nini kifaa hiki ni kigumu kutengeneza, maana watu wengi wanadhani kazi ngumu ni picha. Sivyo. Jicho linaridhika haraka, ukilipa picha kama 90 kwa sekunde kwenye miwani ya VR linaona dunia inatembea vizuri tu. Mkono haudanganyiki hivyo. Ili kidole chako kiamini kwamba kimegusa kitu kigumu, kompyuta inatakiwa irekebishe ile nguvu kama mara 1,000 kwa sekunde, ikishuka sana chini ya hapo mfupa unakuwa kama jeli, unatetemeka, na kidole kinajua kabisa kuwa hapa hakuna mfupa. Kwa hiyo nikisikia chuo kimenunua miwani 20 ya VR kikasema sasa tumekuwa wa kisasa, swali langu la kwanza huwa ni mkono je? Wanafunzi wetu watafanya kazi kwa mikono. Dalili za mimba changa ni za vidoleni, ule utando unaoteleza kati ya kidole gumba na cha shahada kuanzia kama siku ya 35, kile kijusi ambacho walimu wetu walitufundisha kwamba mwezi wa pili ni saizi ya panya mdogo, wa tatu panya mkubwa, wa nne paka mdogo, ule mshipa mkubwa wa kizazi ambao mimba ikishakua haudundi tu bali unatetemeka kama mpira wa maji uliobanwa. Huwezi kumwonyesha mtu mtetemo kwa miwani. Utamchorea, utamweleza, ataandika kwenye daftari, na siku atakayougusa hatautambua.

Lakini nisiwe kama napinga miwani, siipingi. Naipenda kwenye yale ambayo miwani inayaweza, na hapa naomba mnisikilize vizuri maana hapa ndo naona tunapoteza nafasi kubwa.

Fikiria ugonjwa wa kimeta. Unaitwa, kuna ng'ombe amekufa ghafla, jana alikuwa anakula vizuri. Unafika unakuta mzoga umevimba haraka, haujakakamaa kama inavyotakiwa, puani na njia ya haja kuna damu nyeusi kama lami na haigandi. Mwanafunzi aliyefundishwa vizuri somo la patholojia mkono wake wenyewe utaenda kwenye kisu, kwa sababu tumemfundisha miaka mitatu kwamba ukitaka kujua mnyama amekufa na nini mpasue. Na huyu ndo mnyama ambaye usimpasue. Ukimpasua ile damu inakutana na hewa, bakteria wanajifunga kwenye mbegu zao, na zile mbegu zinakaa kwenye udongo miongo na miongo zikisubiri mnyama mwingine aje kulisha pale, achilia mbali wewe mwenyewe na wale watu waliokuzunguka wanaosubiri ruhusa ya kugawana nyama. Unatakiwa uchukue tone la damu kwenye mshipa wa sikio, upake kwenye kioo, uwazuie watu, upange kuchoma au kuzika kwa kina kirefu.

Hilo utalifundishaje kwa vitendo? Hakuna anayeweza kuleta mzoga wa kimeta darasani. Unaweza kuandika kwenye ubao "usipasue" mara mia na mwanafunzi ataandika na atafaulu mtihani. Lakini mvalishe miwani, mweke pale shambani, mzoga uko miguuni pake, kisu kiko mkononi, mwenye mnyama analia anasema daktari tuambie amekufa na nini, majirani wamekuja na mabeseni. Mimi nimeona wanafunzi wazuri kabisa, wa kwanza darasani, wanapasua. Wakishapasua programu haifanyi fujo, haipigi kengele, inaendelea tu, inakupeleka mwaka mmoja mbele kwenye shamba lile lile na ng'ombe wengine wawili wamelala. Mtu akishapitia hapo hatasahau. Amekosea kosa la kuua na hakuna aliyekufa.

Vivyo hivyo ugonjwa wa miguu na midomo. Uingereza mwaka 2001 ulipolipuka wanyama zaidi ya milioni 6 walichinjwa. Mlipuko mkubwa wa kabla ya hapo kule ulikuwa wa mwaka 1967, kwa hiyo kulikuwa na kizazi kizima cha madaktari ambao hawajawahi kuuona kwa macho. Na kuuona siyo tu kusema huu ndo wenyewe. Unatakiwa umfungue ng'ombe mdomo, uangalie ule ulimi, useme lengelenge hili ni la siku ngapi, bado zima au limepasuka jana, kingo zake bado kali au zimeshaanza kulainika na kidonda kinafunikwa, kwa sababu kutokana na umri wa kidonda ndo watu watahesabu kurudi nyuma wajue ugonjwa uliingia lini na uliletwa na gari gani au na mnyama gani aliyenunuliwa. Ukikosea siku tatu unawatuma watu kwenye shamba lisilohusika. Huwezi kuwapitisha wanafunzi kwenye shamba lenye ugonjwa ule, watatoka nao kwenye viatu. Lakini shamba la VR waingie hata mara hamsini, wavae mabuti, waoshe mabuti, wasahau kuosha mabuti, na mashine iwaonyeshe kwa rangi nyekundu kila mahali walipokanyaga baadaye. Sotoka, ile tauni ya ng'ombe, ilitangazwa kuwa imetokomezwa duniani mwaka 2011, na namshukuru Mungu kwa hilo, ila maana yake ni kwamba daktari anayehitimu sasa hatauona kamwe ule ugonjwa kwa mnyama hai, na bado tunamtaka aujue kama siku moja utachomoza. Kwa magonjwa ya namna hii naona mazoezi ya namna hii ni lazima, siyo pambo.

Sasa nije kwenye nusukaputi, maana hapa nina jambo linaloniumiza.

Wote mnaijua ile valvu ya kutolea hewa kwenye mashine ya nusukaputi. Asubuhi kabla ya kazi unaifunga, unaziba mwisho wa mrija kwa kidole, unajaza oksijeni mpaka geji isome sentimita 30 za maji, unasubiri uone kama kuna mahali panavuja. Halafu unaifungua. Hiyo "halafu" ndo imeua paka na mbwa wengi kuliko tunavyopenda kusema. Mtu anaitwa, simu inalia, mgonjwa wa dharura anaingia, valvu inabaki imefungwa. Mnyama anaunganishwa, oksijeni inaingia haina pa kutokea, ule mfuko unajaa unakuwa kama mpira, kifua kinajaa hakishuki, damu inashindwa kurudi kwenye moyo, presha inaporomoka, mapafu yanaweza kupasuka. Kwa paka mdogo ni dakika chache tu. Siyo ugonjwa wala bahati mbaya, ni kizibo kimoja ambacho hakikugeuzwa.

Kuna mwanafunzi wangu, sitamtaja, kwenye simulesheni aliifunga akaisahau. Kwenye skrini paka wa kompyuta akaanza kubadilika, presha 90, 70, 50, na yeye akawa anahangaika na dawa, anaongeza maji, anapunguza gesi, anaangalia kila kitu isipokuwa ule mfuko uliojaa kama mpira pembeni ya kiwiko chake. Mi nilinyamaza. Ni kazi ngumu sana kunyamaza, niwaambie ukweli walimu wenzangu, ulimi unawasha, lakini ukimwambia hapo umemwibia somo. Paka akafa. Yule binti akasimama kimya muda mrefu kama vile amekufa paka wa kweli, alafu akanyoosha mkono akaigusa ile valvu. Sikuwa na la kuongeza. Wiki iliyofuata chumba cha upasuaji, mgonjwa wa kweli, kabla hajamuunganisha nilimwona anaishika valvu kwa mkono na kusema kwa sauti, "Valvu iko wazi." Anafanya hivyo mpaka leo na wenzake wameiga.

Ndo maana nasema simulesheni bila mazungumzo baada yake ni mchezo tu. Dakika kumi za zoezi zinataka dakika ishirini za kukaa chini. Ulikuwa unafikiria nini pale presha iliposhuka? Kwa nini ulienda kwenye dawa kwanza? Uliuona mfuko? Ulimsikia mwenzako alipokuuliza? Vyuo vingi vinanunua mashine, vinaweka ratiba ya kutumia mashine, na havitengi muda wa kukaa. Kama mnalazimika kuchagua, punguzeni mashine muongeze kukaa.

Na hapa nataka niseme jambo ambalo huenda wauza vifaa hawatalipenda. Siyo kila kitu kinataka kompyuta. Kumfundisha mtu kushona ngozi unahitaji kipande cha silikoni au hata sponji na taulo. Kumfundisha kutoa damu unahitaji mpira wa dripu wenye maji ya rangi uliofunikwa na kitu laini kama ngozi. Kwenye kufunga kizazi cha mbwa, kazi inayowatoa wanafunzi jasho ni lile fundo la kwanza kwenye mshipa wa ovari, maana likilegea mshipa unarudi ndani ya tumbo unavuja na wewe umeshafunga, na kukaza fundo ndani ya tumbo refu jembamba unaweza kujifunzia ndani ya boksi lenye tundu dogo juu na kitambaa kilichofungwa chini. Nimeona glovu iliyojazwa maji ikafanya kazi nzuri kabisa ya kuwafundisha watu kuhisi kizazi chenye maji ndani. Cha kujiuliza kila mara ni ujuzi gani tunaufundisha, na je huu mfano unaubeba ujuzi huo. Uzuri wa kifaa haupimwi kwa bei yake.

Kipo kitu kingine ambacho mifano inatupa na mnyama hai hawezi kutupa, haki kwenye mtihani. Tangu Ronald Harden, mwalimu wa udaktari pale Dundee, Scotland, mwaka 1975 aanzishe ule mtihani wa vitendo wa kupita kituo kwa kituo tumekuwa tunajitahidi kila mwanafunzi apewe kazi ile ile. Lakini huyu akipewa ng'ombe mpole mwenye mimba ya miezi mitano na yule akapewa mkorofi mwenye mimba ya siku 40, tumepima nini? Kwenye modeli wote wanapata ng'ombe mmoja.

Sasa yale yasiyowezekana, maana sitaki mtoke hapa mkidhani nimekuja kuuza mashine.

Haptic Cow niliyoisifu inasukuma kidole kimoja. Mkono wa kweli una vitano, na kazi yenyewe ni ya kukunja kizazi kiganjani, kukinyanyua, kukitelezesha, siyo kugusa nukta. Halafu ng'ombe wa kweli anabana. Utumbo unajikaza kuzunguka mkono wako kama pete na hapo mtu asiyejua anasukuma, na kwa farasi ukisukuma hapo unaweza kuchana ukuta wa utumbo na farasi akafa kwa mkono wako. Unatakiwa usimame, uache mkono ulegee, usubiri ile pete ipite, ndo uendelee. Kusubiri huku nimejaribu kukufundisha kwenye mashine na sijafanikiwa, kunafundishwa na mnyama mwenyewe na mwalimu mwenye subira aliyesimama pembeni. Mashine pia haikanyagi mguu, haipigi teke, haina ile namna ya kugeuza masikio kabla ya kupiga teke. Mwanafunzi aliyekaa na modeli tu anamwendea farasi kutoka nyuma kama anavyoliendea friji. Hilo ni hatari na nimeliona, na ndo maana siku ya kwanza ya wanyama hai sisi hatuwapi kazi yoyote ya kitabibu, wanakaa tu na wanyama, wanawasogelea, wanawashika, wanawasoma.

Na kuna wanaoumwa na miwani, kichefuchefu, jasho, kichwa. Siyo udhaifu wao. Jicho linaambiwa unatembea na sikio la ndani linasema umekaa, ubongo unashindwa umwamini nani. Mwanafunzi wa namna hiyo asilazimishwe na asikatwe maksi, apewe skrini ya kawaida.

Vile vile kumwambia mtu kwamba mbwa wake hatapona na inabidi alazwe usingizi wa mwisho, hilo sijaona kompyuta inayolifundisha. Tafuteni mtu mwenye kipaji cha kuigiza akae kwenye kiti alie. Mwanafunzi akishindwa la kusema mbele ya machozi ya kuigiza, afadhali ashindwe hapo.

Wanasayansi wawili wa Uingereza, Russell na Burch, mwaka 1959 walituwekea kanuni tatu za kutumia wanyama kwenye majaribio, kwamba tafuta mbadala wa mnyama, ukishindwa punguza idadi, na hao unaowatumia boresha hali yao wasiteseke. Waliandika kwa ajili ya utafiti lakini mi naona zinatuhusu sisi walimu vile vile, labda kuliko watafiti. Kuna vyuo ambavyo mnyama mmoja anapimwa na wanafunzi kumi asubuhi moja na watu wanasema ndivyo tulivyosoma sisi. Ndiyo, ndivyo tulivyosoma. Tulisoma kwa kusema "ndiyo mwalimu" na mkono uko kwenye kibofu.

Ninachokiomba hakihitaji chuo kiwe tajiri. Mwanafunzi asiguse ng'ombe wa kwanza mpaka akiweza kizazi cha modeli mwalimu akiona. Asimuunganishe mgonjwa wa kwanza mpaka paka wa kompyuta ameshamfia mara moja na wamekaa wakaongea. Akishafika kwa mnyama, apewe muda mrefu zaidi kuliko tunaowapa sasa na kundi dogo zaidi, kwa sababu hapo amekuja na maswali ya kweli, hajaja kutafuta kizazi kiko wapi, amekuja kujifunza kusubiri pete ipite. Mnyama mmoja aliyetumika vizuri hivyo anafundisha kuliko kumi waliochokozwa.

Nimekuja na modeli ya ng'ombe, iko pale nyuma mlangoni, na glovu zipo za kutosha. Mimi nitakaa kwenye skrini, kwa hiyo sitamuuliza mtu kama ameipata. Ingawa ni faibaglasi tutaishika kama inavyoshikwa yenye uhai, kwa hiyo kabla hujavaa glovu vua saa, vua pete, angalia kucha zako. Nani anaanza?